Tone la Damu Lililodhaniwa Vumbi

Fremu moja. Ngumi imeshatua, shingo ya anayepigwa imeanza kugeuka, na kule juu kushoto, mbali na watu wote wawili, kuna doa jekundu dogo kuliko punje ya mtama. Katika fremu iliyotangulia halipo. Katika inayofuata halipo pia. Programu ya kusafisha picha inalizungushia mraba mwembamba, inachota kipande cha ukuta kutoka fremu ya jirani, inakibandika juu ya doa, kisha inasonga mbele.

Tone la damu limefutwa kama vumbi.

Hakuna aliyetaka kulificha. Si kazi ya bodi ya udhibiti, wala si woga wa msambazaji. Mashine imefanya ilichofundishwa: kitu kinachoonekana mara moja na kutoweka ni uchafu. Na katika filamu ya mapigano yenye damu nyingi, karibu kila kitu cha maana huonekana mara moja na kutoweka.

Jambo hili limenikaa rohoni wiki kadhaa sasa, kila ninaposoma sifa za diski mpya ya filamu ya zamani ya Hong Kong. Wanaisifu kwamba ni safi, haina hata alama. Nami najiuliza: imesafishwa nini hasa?

Gereza la Lik Wong

Nitashika mfano mmoja ili tusitawanyike: *Riki-Oh: The Story of Ricky*, filamu ya Lam Nai-choi iliyotoka Hong Kong mwaka 1991. Lugha yake ni Kikantoni, hadithi yake imetoka kwenye katuni za Kijapani, na ilipewa daraja la III, yaani haramu kwa aliye chini ya miaka 18, katika mfumo wa madaraja ulioanza kutumika huko mwaka 1988. Fan Siu-wong, kijana mbichi kabisa wakati huo, ndiye mfungwa Lik Wong. Baba yake mzazi, Fan Mei-sheng, ndiye naibu mkuu wa gereza, yule mwenye jicho la bandia linalohifadhi pipi ndani yake.

Aliyeiona hahitaji kukumbushwa. Mtu anajipasua tumbo na kumkaba mwenzake kwa utumbo wake mwenyewe. Lik Wong anakatwa mshipa wa mkono na kuufunga fundo kwa meno. Mkuu wa gereza anaishia kwenye mashine ya kusaga nyama, na mwishoni ukuta mzima wa gereza unabomolewa kwa ngumi.

Nimeichagua kwa sababu ukatili wake wote umejengwa kwa mikono: mpira, rangi nyekundu, vumbi la saruji na watu waliojua kuanguka. Vitu hivyo vyote huruka, na kila kinachoruka kiko hatarini mbele ya programu ya kusafisha.

Hesabu ya mkanda

Filamu hii ina dakika 91 hivi. Mkanda wa milimita 35 hupita fremu 24 kila sekunde, na kila futi moja hubeba fremu 16, kwa hiyo dakika moja hula futi 90. Piga hesabu: zaidi ya futi 8,000 za mkanda, fremu 131,040. Hugawanywa katika rili zisizozidi futi 2,000, kila moja ikichukua dakika 20 na ushee.

Ukiskani kila fremu kwa upana wa nukta 4,096 na kimo cha nukta 3,112, faili ya fremu moja huwa na takriban megabaiti 51. Zote pamoja ni kama terabaiti 6.7. Na huo ni mwanzo tu, kabla hujahifadhi nakala ya pili na ya tatu.

Sasa fikiria fundi anayetaka kuzitazama zote kwa jicho lake. Akitumia sekunde 10 tu kwa kila fremu, hiyo ni saa 364. Siku 45 na nusu za kazi ya saa nane, bila kusahihisha chochote, kutazama tu.

Ndiyo maana mashine huachiwa kazi. Simlaumu anayeiachia.

Lakini kabla ya mashine kuna mkanda wenyewe, na mkanda una magonjwa yake. Plastiki ya asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kutoa asidi inayonuka kama siki. Asidi hiyo huharakisha uozo unaoizalisha, na kopo moja lililougua huweza kuambukiza makopo ya jirani kwenye rafu. Hong Kong ni mji wa joto na unyevu. Mtu wa Mombasa au Tanga anaelewa bila kuelezwa. Mkanda unaougua hujikunja na kusinyaa, matundu ya pembeni yakaacha kulingana na meno ya mashine. Skana za kisasa husukuma mkanda kwa magurudumu laini bila kutegemea matundu, na hapo ndipo mikanda mingi iliyokuwa imekatiwa tamaa ilipookolewa.

Mikwaruzo ya upande wa plastiki hutibiwa kwa kuupitisha mkanda ndani ya kimiminika wakati wa kuskani. Kimiminika hicho hupindisha mwanga karibu sawasawa na plastiki yenyewe, kwa hiyo kikijaza ule mfereji mdogo, mwanga haujui tena kwamba kulikuwa na mkwaruzo. Hakuna fremu iliyochorwa upya wala kitu kilichobuniwa. Ningetamani kila uharibifu uwe na dawa ya namna hii.

Vumbi na damu, kwa karibu

Turudi kwenye lile doa jekundu.

Vumbi lililokaa kwenye negativu, mkanda uliopita ndani ya kamera, hutoka jeupe kwenye picha, kwa sababu limezuia mwanga wakati wa kuchapa. Vumbi lililokaa kwenye nakala ya sinema hutoka jeusi. Mkwaruzo wa juu juu kwenye nakala ya rangi huwa wa kijani, maana tabaka la kwanza kukwanguliwa ni lile la majenta, waridi iliyokolea, na linalobaki ni samawati na njano. Ukizama zaidi mkwaruzo hugeuka njano. Fundi mzoefu huzisoma rangi hizi kama daktari anavyosoma ulimi wa mgonjwa: anajua jeraha limeingia katika hatua ipi, kwenye negativu au kwenye nakala.

Damu ni nyekundu. Basi si rahisi? Iambie programu iache vyekundu.

Nilidhani hivyo pia. Lakini tone la damu likipita mbele ya taa hung'aa jeupe. Likipita kwenye kivuli huwa jeusi. Na si damu pekee inayoruka: kuna meno, jasho, vipande vya kioo, makombo ya saruji Lik Wong anapopiga ukuta. Makombo hayo ni meupe, madogo, yamechanika ovyo. Kwa macho ya mashine ni vumbi la negativu mia kwa mia.

Kasi ndiyo inayoharibu zaidi. Tuseme tone linaruka mita 6 kwa sekunde. Kati ya fremu moja na inayofuata litakuwa limesogea sentimita 25. Programu hulinganisha fremu tatu, ya jana, ya leo na ya kesho, ikitafuta kitu cha leo ambacho hakipo pale pale jana wala kesho. Tone lililosogea sentimita 25 halipo pale pale. Na mapigano ya Hong Kong mara nyingi yalipigwa kamera ikipunguzwa mwendo hadi fremu 22 au 20 kwa sekunde, ili yakionyeshwa kwa 24 yaonekane ya haraka zaidi. Hapo kila kitu huruka mbali zaidi kati ya fremu na fremu, na mashine huzidi kuchanganyikiwa.

Binadamu hatofautishi kwa rangi wala kwa mahali. Anatofautisha kwa mambo mawili, na ukishayajua huwezi kuacha kuyaona.

La kwanza ni kingo. Vumbi halikupigwa picha likiwa linaruka. Limekaa juu ya mkanda, limetulia, kwa hiyo kingo zake ni kali hata mahali ambapo picha yenyewe ina ukungu. Tone la damu lilipigwa picha likiwa mwendoni. Mlango wa kamera ulikuwa wazi kwa kiasi cha sehemu moja ya 48 ya sekunde, na katika muda huo tone lilichora mstari. Lina kichwa na mkia. Linaelekea mahali.

La pili ni chembe. Picha ya filamu imeundwa kwa chembe za rangi zinazocheza kila fremu. Vumbi hukaa juu ya chembe na kuzifunika, kwa hiyo ndani ya doa la vumbi hakuna kinachocheza, ni utupu bapa. Ndani ya tone la damu chembe zipo, kama zilivyo kwenye ukuta na kwenye shavu la mpigwaji, kwa sababu tone nalo ni sehemu ya picha.

Kingo laini, chembe hai: hiyo ni damu.

Kingo kali, utupu: futa.

Jinsi kazi inavyopaswa kufanywa

Rili haisafishwi kwa mkupuo. Kwanza hukatwa shoti kwa shoti, na shoti za mapigano hutengwa na zile za watu wanaoongea. Shoti za maongezi unaweza kuziachia mashine kwa ukali wa kati, maana mtu aliyekaa kitini hana cha kupoteza. Za mapigano, ukali hushushwa hadi chini kabisa au huzimwa, na uchafu huondolewa kwa mkono, doa kwa doa.

Halafu kuna hatua ambayo wengi huiruka wakibanwa na muda. Unachukua picha ya asili, unaondoa ndani yake picha iliyosafishwa, na kinachobaki unakionyesha peke yake juu ya kijivu. Ni ramani ya vyote vilivyofutwa. Iendeshe kwa mwendo wa kawaida na uitazame kama filamu.

Vumbi halisi kwenye ramani hiyo hunyesha popote, bila mpangilio. Lakini ukiona madoa yanatoka mahali pamoja na kutawanyika kama upepeo, kutoka mdomoni kwenda kulia, umefuta damu. Ukiona kivuli cha kiwiko, umefuta kiwiko. Ndiyo, hutokea: mkono unaokwenda kasi huweza kupoteza vidole viwili kwa fremu moja, na mtazamaji akahisi ngumi imelegea bila kujua kwa nini.

Kosa la namna hii lina ndugu yake, programu ya kutuliza picha. Negativu iliyokatwa na kuunganishwa kwa gundi hurukaruka kidogo kila penye kiungo, na ni haki kuituliza. Lakini mpiga kamera aliyeibeba kamera begani akaitikisa ngumi ilipotua alifanya hivyo kwa makusudi. Mashine huona mitikisiko miwili iliyo sawa. Moja ni ajali ya gundi, nyingine ni nusu ya uzito wa pigo.

Mpira unaoonekana

Hapa ndipo niliyumba.

Negativu ya kamera ina maelezo mengi kuliko nakala yoyote iliyowahi kufika sinema. Kutoka negativu huchapwa pozitivu ya kati, kutoka hapo negativu ya pili, kisha nakala za kuonyeshwa. Kila kizazi hupoteza kidogo. Waliotengeneza vichwa vya mpira mwaka 1991 walijua vitaonekana baada ya vizazi vitatu vya kufifia, kwenye ukumbi wenye moshi wa sigara. Sasa tunaskani negativu kwa 4K, yaani ule upana wa nukta elfu nne, na mshono wa barakoa unaonekana kama mshono wa shati.

Je, tunawatendea haki? Au tunawavua nguo?

Wapo wanaosema mshono ufichwe kwa kompyuta, maana mtazamaji wa 1991 hakuuona. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Nilikaa nayo muda mrefu, na kwa siku kadhaa nilikubaliana nayo.

Kilichonigeuza ni jambo la kifundi kabisa. Negativu ina ukinzani mdogo wa mwanga na giza. Ni picha iliyopauka, iliyotengenezwa ili ichapwe. Nakala ya sinema ina ukinzani mkubwa, na vivuli vyake huzama hadi weusi. Mafundi wa mwanga wa gereza lile waliuweka mshono kivulini wakijua kivuli kitazama. Kwa hiyo mshono ukijitokeza leo, mara nyingi kosa si la uskani wala la mpira. Ni mpanga rangi aliyefungua vivuli kwa sababu tu kulikuwa na maelezo ndani yake. Afuate mkunjo wa mwanga wa nakala ya sinema, vivuli virudi vilipokuwa, na sehemu kubwa ya mishono itajificha yenyewe bila mtu kuchora chochote.

Itakayobaki ibaki. Ni kazi ya mtu aliyekaa na ndoo ya mpira usiku kucha.

Kuna kesi moja ambayo bado sijaitatua. Shoti za maandishi na za picha kuyeyukia picha nyingine zilitengenezwa kwa kuchapa upya kwenye mashine, na vumbi lililokuwepo siku hiyo limechapwa ndani. Si la miaka iliyofuata. Lilikuwepo usiku wa kwanza wa filamu. Kwa kanuni ya kuondoa kilicholetwa na wakati tu, liachwe. Lakini hakuna fundi wa maabara aliyelitaka, na angekuwa na muda angerudia kazi. Leo naelekea upande wa kulifuta. Mwezi uliopita nilikuwa upande wa pili.

Nyekundu ipi?

Nakala za rangi zilizokaa gizani miaka mingi hupoteza kwanza samawati, na picha nzima huelekea wekundu wa waridi. Anayetumia nakala kama hiyo kuwa kielelezo hujikuta akirudisha samawati kwa wingi. Ngozi zinapona, kuta zinapona, damu inageuka kahawia kama mchuzi uliokaa.

Kinyume chake pia hutokea. Diski za 4K hubeba wigo mpana wa mwanga, na ni kishawishi kikubwa kuipandisha nyekundu mpaka iwake. Sinemani weupe mkali kabisa wa skrini ulilenga takriban niti 48, niti ikiwa kipimo cha mng'ao. Televisheni ya leo hufika 1,000 bila jasho. Damu ya Lik Wong ikipewa nafasi yote hiyo hugeuka taa ya duka. Rangi za nakala ya filamu zina kikomo: nyekundu yake ikizidi kuwa nzito huzidi kuwa nyeusi, haizidi kung'aa. Damu nyingi iliyomwagika sakafuni inatakiwa iwe nzito katikati na nyepesi pembeni. Ukiiona inang'aa sawasawa kote, mtu ameburuta kitelezi.

Kipimo ninachokiamini ni saruji. Kuta za gereza ni kijivu. Tafuta shoti yenye ukuta, uso na damu pamoja. Kijivu kikiwa kijivu kweli, bila kuelekea kijani wala buluu, na uso ukiwa wa mtu aliye hai, basi nyekundu iliyobaki ndiyo nyekundu yao.

Ngumi isikike wapi

Filamu nyingi za Hong Kong za miaka ile zilipigwa bila kurekodi sauti. Maneno, pumzi, ngumi, vyote vilitiwa studioni baadaye, Kikantoni kwa soko la nyumbani, Kimandarini na Kiingereza kwa masoko mengine. Kwa hiyo midomo isiyolingana sana na maneno haikuletwa na ukarabati, na isiguswe.

Uharibifu uliofanywa na watu wa baadaye ni huu: enzi za DVD, sauti nyingi za mono, yaani za mkondo mmoja, zilitengenezwa upya kwa spika sita, na katika kufanya hivyo ngumi za zamani zikabadilishwa kwa ngumi mpya kutoka maktaba za kompyuta. Pigo lililokuwa kavu, fupi, kama ubao uliopasuka, likawa zito lenye mngurumo. Picha ya 1991, mkono wa miaka ya 2000. Ukiisikiliza ukiwa umefumba macho hujui tena uko katika filamu gani.

Sisi huku Afrika Mashariki tuna sababu ya kuelewa uzito wa sauti. Watu wengi walizipokea filamu za Kichina kupitia kinywa cha msimuliaji, Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, na sauti ile ikawa filamu yenyewe. Lakini kila mtu alijua ni sauti iliyoongezwa, na wala hakuna aliyedai ndiyo ya asili. Diski inayoandikwa "Kikantoni asilia" huku ngumi zake ni mpya haijasema hivyo.

Mono ya asili ikikosekana kwenye mkanda, huchukuliwa mahali pengine, mara nyingi kwenye kanda ya video ya zamani. Hapo kuna mtego. Kanda za mfumo wa PAL, uliotumika Ulaya na hata kwenye televisheni zetu, huendesha filamu kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24. Dakika 91 hugeuka 87 na kitu, na sauti hupanda karibu robo tatu ya nusu-toni. Lazima ipunguzwe mwendo kwa asilimia 4, irudi chini, kisha ifungwe kwenye picha mpya.

Na haitafunga kwa mara moja. Kila mwisho wa rili, waendesha projekta walikuwa wakikata na kuunga, na fremu zilipotea. Fremu moja ni milisekunde 42 hivi. Fremu tano ni sehemu ya tano ya sekunde, na kwa sehemu ya tano ya sekunde ngumi inasikika baada ya mtu kuanza kuanguka. Kwa hiyo fundi hupanga sauti upya mwanzoni mwa kila rili, halafu kila palipo na kiungo, akitumia pigo lenye kishindo kifupi kama alama. Katika filamu ya mapigano alama hizo ni nyingi, na hiyo ni moja ya neema zake.

Kuondoa mikwaruzo ya sauti nako kuna kiasi. Kishindo cha ngumi ni kifupi mno na kina masafa yote kwa pamoja, sawa na mlio wa mkwaruzo kwenye mstari wa sauti. Kichujio kikali hufuta vyote viwili. Ni kisa kile kile cha tone la damu, safari hii masikioni.

Kuibana ndani ya diski

Terabaiti 6.7 zinaingia kwenye diski ya gigabaiti 66, au 100 kwa mwenye bajeti. Kwa ile ya 66, ni karibu mia moja kuwa moja.

Kinachogharimu zaidi kubana ni chembe, kwa kuwa hazifanani fremu yoyote na nyingine. Mbanaji mvivu huzifuta kwanza ili kazi iwe nyepesi, na nyuso zikatoka kama nta. Wako watazamaji wanaofurahi, wakidhani chembe ni zile chenga za televisheni yenye antena mbovu. Sizo. Ukiziondoa umeondoa kitambaa ambacho picha imefumwa.

Mahali pa kukagua ubanaji ni ile mashine ya kusaga nyama. Vipande vinaruka, mwanga unacheza, hakuna sehemu ya picha iliyotulia. Pale ndipo miraba hujitokeza, kwenye kingo za nyekundu, kwa sababu rangi huhifadhiwa kwa undani mdogo kuliko mwanga na nyekundu ndiyo huumia kwanza.

Ukiwa na diski mkononi

Usiihukumu kabla hujaituliza televisheni. Zima kulainisha mwendo, zima kupunguza chenga, shusha ukali wa kingo hadi sifuri, chagua hali ya filamu. Kichezeshi kitoe fremu 24. Kwenye menyu ya sauti tafuta mono ya Kikantoni. Ikiwa iko ya tatu kwenye orodha, iteue hata hivyo. Kwenye tafsiri, hakikisha hujachagua ile iliyonukuliwa kutoka Kiingereza cha kudabi. Utaitambua: mdomo unaongea sekunde nne, maandishi ni neno moja.

Kisha nenda kwenye pambano la uani, Lik Wong na Oscar, yule anayejipasua tumbo. Simamisha kabla tu ya pigo. Songa fremu moja moja kwa kitufe. Chagua tone moja linalotoka mdomoni, ulifuate.

Fremu ya kwanza, lipo, lina mkia. Fremu ya pili linatakiwa liwe limesogea, dogo kidogo, mkia umeinama. Fremu ya tatu linakaribia ukingo wa picha.

Likiwepo kwenye ya kwanza na ya tatu, na kwenye ya pili ukuta ni mtupu, chungulia pale lilipopaswa kuwa. Utaona kipande kidogo cha ukuta ambacho chembe zake hazichezi.